Ndege wa Unyamwezi na Watu Waliowatazama

Watu wengi wa vijiji vyetu wadhani ya kuwa kutazama ndege ni kazi ya wageni wasio na shamba la kulima. Wamwonapo mtu amesimama kando ya mbuga, amenyamaza, darubini i machoni pake na daftari kwapani, huulizana kama amepotewa na ng'ombe. Nasi hatuwalaumu, maana kwa mkulima ndege ni yule alaye mtama. Lakini tukiichunguza habari ya nchi yetu twaona kwamba ile njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hata ikafika Unyanyembe, haikupitisha pembe na nguo na watumwa peke yao. Ilipitisha pia habari za ndege, zikiandikwa na watu waliokaa miongoni mwa babu zetu, na kuchukuliwa pwani juu ya mabega ya babu zetu.

Nchi ya Nzega ilikuwa katika tawi la kaskazini la njia ile. Mwaka wa 1858, mwezi wa Julai, Speke alimwacha mwenzake Burton huko Kazeh, ndipo Tabora, akashika njia ya kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akapita nchi za Wanyamwezi na Wasukuma mpaka akaliona ziwa la Nyanza. Tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha kurudi. Mtu aendaye mbio namna hiyo hana nafasi ya kuwatazama ndege wadogo. Ndege humtaka mtu anayekaa, na aliyekaa ni mwingine.

Wasomaji wetu wajua jinsi Livingstone na Stanley walivyotoka Ujiji wakaja Kwihara, karibu na Tabora, mwaka wa 1872. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, akiahidi kupeleka wapagazi. Livingstone akabaki katika tembe akingoja. Alingoja Aprili, na Mei, na Juni, na Julai. Wapagazi hawakufika ila katikati ya Agosti. Alikuwa mgonjwa, amefiwa na mke tangu mwaka wa 1862, na barua zilikuwa adimu. Twasoma katika kitabu chake cha kila siku mambo mengi ya miezi ile: vita vya Mirambo, bei za vitu, maombi yake kwa Mungu. Na katikati ya hayo twakuta jambo moja dogo. Ameandika kwamba jamaa ya ndege kumi walikuwa wakija katika mikomamanga ya uani. Ni ndege aliowahesabu kuwa wa jamii ya fumbwe, wale ambao madume yao tuwaona wakivaa weusi wakati wa mvua. Aliwatazama makinda, ambao manyoya yao yalikuwa yametimia, jinsi walivyoinama kifua chini na kuinua midomo ili walishwe, na jinsi mama alivyowapa kidogo kisha akawasukuma kwa upole. Tena akaona wakiokota manyoya na majani wakirukaruka kando ya wenzao, kana kwamba wanacheza mchezo wa kujenga vijumba, kama watoto wetu wafanyavyo.

Wataalamu wa siku hizi wajua ya kuwa fumbwe hutaga mayai yao katika viota vya ndege wengine, kama afanyavyo kekeo, na watoto wao hulelewa na mama asiye wao. Kwa hiyo jina alilowapa ndege wale lataka kupimwa tena. Lakini alichokiona alikiona, akakiandika siku ile ile. Na kwetu sisi hiyo ndiyo sababu habari yake ina thamani mpaka leo. Mtu anaweza kukosea jina la ndege, asikosee hata kidogo matendo yake.

Aliyefanya kazi hii kwa miaka, wala si kwa miezi, ni Mjerumani aitwaye Richard Böhm. Jina lake halijulikani kwetu, ijapokuwa alikaa karibu na sisi kuliko Livingstone. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1854, akasoma elimu ya wanyama. Mwaka wa 1880 alifika Unguja pamoja na wenzake, miongoni mwao Paul Reichard na Dr. Emil Kaiser, wametumwa na chama cha Wajerumani kilichotaka kuijua Afrika. Wakapanda njia ya misafara mpaka Tabora, kisha wakaingia katika misitu ya kusini, wakafanya kituo chao Kakoma, na baadaye Igonda. Nchi hiyo ni misitu ya miyombo na mininga, yenye mito ambayo kiangazi hukauka ikabaki madimbwi, na masika hujaa ikawa kama maziwa. Hapo Böhm alikaa mpaka mwaka wa 1883, akiandika ndege gani afika mwezi gani, nani ajenga kiota wakati wa mvua na nani wakati wa ukame, nani alia usiku na nani alia alfajiri. Kisha yeye na Reichard wakavuka Tanganyika wakielekea Katanga. Homa ikampata huko, akafa tarehe 27 Machi 1884, hajatimiza miaka 30. Kaiser alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1882. Reichard akarudi peke yake. Maandishi ya Böhm yalikusanywa na rafiki yake Herman Schalow, yakapigwa chapa Leipzig mwaka wa 1888.

Jina la Böhm limebaki juu ya ndege. Yuko ndege mdogo afananaye na mbayuwayu, mkia wake mfupi mno hata akiruka aonekana kama popo. Huyo Schalow alimpa jina la Böhm mwaka wa 1882. Yuko keremkerem mmoja, mla nyuki mwenye kichwa chekundu-chekundu na mwili wa kijani, aliyepewa jina hilo na Anton Reichenow wa Berlin mwaka ule ule. Yuko na ndege mwingine wa misitu ya miyombo, mweupe kifuani na madoadoa meusi, akaaye juu ya tawi kavu akingoja wadudu. Hata punda milia wa upande wetu wa Afrika huitwa kwa jina la Böhm katika vitabu vya wataalamu.

Na sasa tuseme jinsi kazi ile ilivyotendeka, maana wengi hawajui. Siku zile hapakuwa na darubini nzuri wala picha za kuchukua porini. Mtu akitaka kumjua ndege, alimpiga risasi ndogo, akamchuna ngozi, akaipaka dawa yenye sumu ili wadudu wasiile, akaijaza pamba, akaifunga mguuni kikaratasi chenye jina la mahali na tarehe. Ngozi zikafungwa katika masanduku. Na masanduku hayakwenda pwani yenyewe. Mpagazi Mnyamwezi alichukua mzigo wa kilo 30 au karibu yake, na safari toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo ilikuwa ya miezi miwili au zaidi, katika jua la Ugogo na matope ya Mto Ruvu. Tena kabla ya hapo, ni nani aliyejua ndege yule yuko wapi? Mgeni aliyefika jana hajui kwamba kanga hunywa dimbwi hili, wala kwamba bundi alala katika mti ule wenye tundu. Aliyejua ni mwindaji na mrina asali na mtoto mchunga mbuzi. Hao ndio waliokwenda mbele, naye akafuata na bunduki na kalamu.

Hatusemi hivi kwa kumdharau marehemu Böhm. Alivumilia homa na njaa, akafia katika kazi yake, na kama asingeandika tusingekuwa na neno hata moja la ndege wa misitu ile kwa miaka ile. Twasema tu kwamba vikaratasi vile vilikuwa na nafasi ya jina la mahali, na tarehe, na jina la mpiga bunduki. Nafasi ya jina la yule aliyeonyesha ndege haikuwapo. Kama wazee wale wangekuwa na kalamu, habari ingeandikwa namna nyingine, na labda ndege wetu wangekuwa na majina ya Kinyamwezi katika vitabu vya Berlin.

Basi katika mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi, tulichukua wanafunzi wakubwa wachache tukaenda nao siku nzima kutazama ndege. Tulianza alfajiri upande wa mbuga ya Wembere, ile nchi tambarare iliyo mashariki yetu, ipokeayo maji ya masika na kuyapeleka polepole katika ziwa la Kitangiri. Wakati wa kiangazi mtu huvuka Wembere akila vumbi. Mvua zikinyesha sana yageuka kuwa bahari ya majani na maji, na ndege wa majini hukusanyika huko kwa maelfu, yangeyange na kulasitara na mwari, nao hujenga viota vyao mahali ambapo mtu na ng'ombe hawafiki. Nasi tulisimama ukingoni tu, hilo latosha.

Wanafunzi waliwaona kwanza korongo weupe. Walikuwa wakitembea katika majani kama wazee wanaokagua shamba, wakiokota panzi. Tuliwauliza wanafunzi, hawa wametoka wapi? Wakasema, wameletwa na mvua. Jibu si baya, maana kweli huifuata mvua. Lakini nyumbani kwao ni Ulaya, wanakotaga juu ya mapaa ya nyumba, nao huja kwetu wakipita Nchi Takatifu na bonde la Mto Nili. Nabii Yeremia aliwajua, akawataja katika sura ya 8 kuwa wajua majira yao, kwa kuwa nchi yake iko chini ya njia yao. Watu wa Ulaya wenyewe hawakujua waliko ndege wao wakati wa baridi. Wengine walisema hulala chini ya matope ya maziwa, na mtu mmoja Mwingereza aliandika kwamba huenda mwezini. Ndipo mwaka wa 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, alipouawa korongo ambaye shingoni mwake mlikuwa na mshale mrefu wa sentimita 80 hivi, umepenya toka upande huu hata upande huu, naye alikuwa akiruka nao. Wataalamu wakautazama ule mti na chuma chake, wakatambua kuwa ni kazi ya Waafrika. Ndege yule angali amewekwa katika Chuo Kikuu cha Rostock mpaka leo, na mshale wake shingoni. Kwa hiyo barua ya kwanza iliyowaambia Wazungu habari za safari ya korongo iliandikwa na mwindaji wa Afrika, naye hakujua kuwa anaandika. Alitaka kitoweo.

Wanafunzi walicheka sana. Kisha tukawaambia habari za mwalimu wa shule, Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg katika Denmark. Huyo mwaka wa 1899 aliwafunga ndege wa kwao pete ndogo za alumini miguuni, kila moja na namba yake na anwani, akawaachia. Tangu hapo desturi ile imeenea duniani, na korongo wengi wajao kwetu wamevaa pete. Mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete, asiifanye kipuli cha mtoto; aandike namba na mahali na siku, ampe mwalimu au bwana wanyamapori aipeleke.

Mkulima mmoja alipita akatukuta, akasema, “Walimu, hawa wenye miguu mirefu hawana neno. Tazameni wale.” Akatuonyesha kama moshi mwembamba unaokwenda na kurudi juu ya mbuga. Walikuwa kweleakwelea. Hatukuwa na la kumjibu, maana mtu asiyewahi kukaa juu ya dungu tangu mapambazuko hata jua kuchwa, akiwinga ndege kwa teo na kelele, hana haki ya kumhubiria mkulima uzuri wa ndege. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za punje kwa siku. Kundi la 1,000,000 basi humaliza tani 10 kabla ya jua kuzama, na makundi mengine yapita hesabu hiyo. Linnaeus, yule mwalimu mkuu wa majina ya viumbe, alipomwandika ndege huyu mwaka wa 1758 alidhani ametoka Bara Hindi. Angemwuliza mtoto ye yote wa Unyamwezi. Serikali hunyunyiza sumu kwa eropleni juu ya malalo yao, na mavuno huokoka. Lakini sumu hiyo haichagui, na tai na vipanga na bundi walao maiti za kwelea hufa pia. Sisi twaona kuwa mahali palipo na mikono ya kutosha ni afadhali nyavu. Kwelea akitegwa kwa wavu ni nyama nzuri, wala hamdhuru mlaji.

Kurudi kwetu tulipita kando ya mibuyu, tukawakuta kasuku wadogo wa kijani, nyuso rangi ya machungwa, mdomo mwekundu, na duara nyeupe kuzunguka jicho. Hawa waitwa kwa jina la Dr. Gustav Fischer, aliyesafiri mpaka upande wa kusini wa Nyanza katika miaka ya 1885 na 1886, akafa Berlin mwaka ule ule wa 1886 alipokwisha kurudi. Kwao hasa ni hapa kwetu, kaskazini ya Tanzania, kusini na mashariki ya Nyanza. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi kupita kiasi, wakapelekwa ng'ambo katika vizimba, hata wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani kote. Vijana waliowatega walipata senti chache. Baadaye biashara ile ilizuiwa, na nchi za Ulaya zikafunga mlango kwa ndege wa porini tangu mwaka wa 2005. Mtu wa Ulaya aweza kuwafuga wazao wao sebuleni, hali mtoto wa Nzega hajui kwamba ndege aliye juu ya mbuyu wao ana sifa hiyo yote.

Tumemwacha wa mwisho yule tunayempenda kuliko wote, yaani ndege aongozaye watu kwenye asali. Si mzuri wa kutazama. Ni wa kijivu, mdogo kuliko hua. Lakini hakuna ndege wa porini duniani afanyaye mkataba na binadamu kama yeye. Hula nta, wala hawezi kuupasua mti. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki waliko. Padre Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala, aliandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1609 kwamba ndege wadogo walikuwa wakiingia katika kanisa lake na kuitafuna mishumaa ya nta juu ya madhabahu, na kwamba ndege hao hao huwaita watu wakawafikisha kwenye mizinga. Wasomaji wengi wa Ulaya waliona ni hadithi. Mwaka wa 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Adan Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walitoa hesabu waliyoipata kwa Waborana: mrina asali asiyeongozwa na ndege alihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata nyuki, na aliyeongozwa saa 3.2. Tena mwaka wa 2023 ilithibitishwa kwamba ndege hujifunza lugha ya watu wa mahali pake. Wahadzabe, walio upande wa ziwa Eyasi, humwita kwa mluzi; Wayao wa Msumbiji kwa mlio wa ulimi na mguno. Ndege wa Wahadzabe huitika upesi kwa mluzi kuliko kwa sauti ya Wayao, na ndege wa Wayao vivyo hivyo kinyume chake.

Maana yake ni kwamba mluzi ni mali ya pande mbili. Watu wakiusahau, ndege naye hana wa kujifunza kwake. Misitu ya Tabora ni nchi ya asali na nta tangu zamani za misafara, lakini siku hizi miti mingi imekwenda katika matanuru ya mkaa na mabani ya tumbaku, na vijana wengi hununua sukari dukani.

Alasiri ile, katika msitu, mzee mmoja alifuatana nasi. Ndege alianza kulia juu ya mti, mlio kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya kisanduku chake. Wanafunzi hawakumtambua. Mzee akapiga mluzi, mmoja mrefu na miwili mifupi, akagonga shina kwa mpini wa shoka. Ndege akasogea mti wa pili, akatungoja. Tukaenda, akasogea tena. Mzee alikuwa akisema naye njia nzima, maneno ya Kinyamwezi ambayo wanafunzi waliyaandika katika madaftari yao jinsi walivyoweza, wakimwomba ayarudie. Baada ya nusu saa tukafika penye mninga wenye ufa, na nyuki wakitoka na kuingia. Asali ilikuwa kidogo. Mzee akatupa sisi sahani moja, akaweka kipande cha sega juu ya jani pana chini ya mti, akatuambia tuondoke kwanza.